Kisu Kimoja na Kinoo Chake: Hotuba kwa Wapishi wa Nyumbani

Mabibi na mabwana, ndugu wapishi, karibuni na asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuchagua visu vizuri vya jikoni na kuvitunza. Niseme mapema lile ninalotaka kila mmoja aondoke nalo: kinoo kinunuliwe siku moja na kisu. Hakuna chuma kisichoishiwa makali. Kisu cha bei ya chini kinachonolewa ipasavyo hukata vizuri kuliko kisu cha bei kubwa kilichoachwa kikawa butu, na bado watu wengi humaliza fedha zote kwenye kisu, kisha baada ya miezi sita wanasema waliuziwa kitu kibovu. Mara nyingi kisu hicho hakina kasoro yoyote ila hakijanolewa tangu kitoke dukani.

Kisu butu ni hatari kuliko kisu kikali, ingawa mtu akifikiri haraka huona kinyume chake. Makali mazuri hushika ganda la nyanya mara tu yanapoligusa. Makali yaliyokwisha huteleza juu ya ganda, mpishi huongeza nguvu, ganda huachia ghafla, na nguvu yote ile huishia kwenye kidole. Hata machozi ya kitunguu yamo humu: kisu butu huponda tabaka za kitunguu badala ya kuzikata, na kadiri zinavyopondwa ndivyo ile hewa inayochoma macho inavyotoka kwa wingi.

Basi tuanze na ununuzi. Jiko la nyumbani linahitaji visu vitatu. Cha kwanza ni kisu kikubwa cha kazi zote, chenye bapa la sentimita 20 hivi. Mwenye mikono midogo au ubao mdogo achukue cha sentimita 18. Mwenye uzoefu na nafasi anaweza kufika 24. Cha pili ni kisu kidogo cha sentimita 8 hadi 10 kwa kumenya na kazi za mkononi. Cha tatu ni kisu cha meno cha sentimita 20 hadi 25 kwa mkate na vitu vyenye ganda gumu na ndani laini. Anayetoa nyama kwenye mifupa au kuchuna samaki mara kwa mara aongeze kisu chembamba cha sentimita 15. Seti za visu kumi na vitano ndani ya kibao cha mbao siwashauri. Humo ndani visu viwili vitatu ndivyo vitakavyotumika, na fedha iliyogawanywa kwa vyote kumi na vitano imevinyima hivyo vitatu chuma bora.

Ukiwa dukani, shika kisu jinsi utakavyokishika jikoni. Mshiko wenyewe ni huu: kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada vinabana bapa mbele kidogo ya mpini, na vidole vitatu vilivyobaki vinakumbatia mpini. Ukikishika hivyo utatambua mara moja kama mgongo wa kisu una kingo kali zitakazokuchubua kidole baada ya robo saa ya kukata. Mtengenezaji makini huulainisha mgongo pale vidole vinapokaa. Utatambua pia kama vifundo vya vidole vinagonga ubao. Ndiyo maana kisu kikubwa kinapaswa kuwa na upana wa milimita 45 hadi 50 kwenye kisigino, yaani sehemu ya makali iliyo karibu zaidi na mpini.

Kisha kiinue usawa wa jicho, utazame kando ya makali kuanzia kisigino hadi ncha. Mstari usiwe na mpindo wala mawimbi. Geuza uangalie mgongo: kwenye mpini unene wa milimita 2 hadi 3 ni wa kawaida, na unapaswa kupungua taratibu kuelekea nchani. Lakini unene unaoamua kisu kitakataje hauko mgongoni, uko milimita chache juu ya makali. Kisu kilicho kinene pale hufanya kazi ya kabari. Karoti hupasuka kabla haijakatika, na mkataji hudhani kisu ni butu. Hata ukikinoa kutwa, tatizo hilo halitaondoka mpaka upunguze unene wenyewe.

Angalia pia msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Msuka unaofika mwisho wa mpini na kukazwa kwa ribiti hudumu sana, ila usidhani kwamba msuka mfupi ni ubovu siku zote. Visu vingi vyepesi vya Japani vina msuka mwembamba uliozama ndani ya mpini wa mbao na hufanya kazi miaka mingi. Ubovu ni msuka mfupi uliobanwa kwa plastiki laini, ambao huanza kucheza. Pitisha ukucha pale chuma kinapokutana na mpini. Ukisikia mwanya, maji na mabaki ya chakula yatapita humo. Na kama kisu kina shingo nene, yaani kile chuma kinene kati ya bapa na mpini, inayoshuka mpaka kwenye kisigino, jua kwamba shingo hiyo itakuzuia kunoa sehemu ya nyuma ya makali. Baada ya miaka michache makali yote yatakuwa yamepungua isipokuwa pale, na katikati ya kisu hakutagusa ubao tena. Mimi huwashauri watu wachague kisu ambacho shingo yake inaishia juu.

Sasa chuma. Chuma cha kaboni hakina kromiamu ya kutosha kukilinda, kwa hiyo hushika kutu upesi, lakini hunoleka kwa urahisi na huchukua makali mazuri sana. Chuma kisichoshika kutu ni kile chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi, kromiamu hiyo hukutana na hewa na kujenga utando mwembamba usioonekana unaozuia kutu. Mwaka 1913 mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alipata chuma chenye takriban asilimia 13 ya kromiamu, na tangu hapo visu vya mezani na vya jikoni havikurudi nyuma. Neno “kisichoshika” lisiwadanganye. Kikilala na chumvi au asidi usiku kucha, hata hicho hutoboka vishimo vidogo vya kutu.

Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na huandikwa HRC. Visu vingi vya mtindo wa Ulaya viko kati ya 54 na 58. Vingi vya mtindo wa Kijapani viko kati ya 60 na 64. Chuma kigumu hutunza makali muda mrefu na hukubali pembe nyembamba, lakini kikigonga mfupa kinameguka na kubaki na mapengo. Chuma laini makali yake hulala upande, na yakilala yanaweza kunyooshwa. Kwa nyumba ambayo kisu kinashikwa na kila mtu, nashauri chuma kisichoshika kutu chenye HRC 56 hadi 58. Ukiona kwenye bapa maandishi X50CrMoV15, hicho ni chuma chenye takriban nusu asilimia ya kaboni na asilimia 15 ya kromiamu, pamoja na metali za molibdeni na vanadi kidogo; ni chuma cha kazi, kinasamehe makosa. VG-10, aina nyingine ya chuma kisichoshika kutu, ina karibu asilimia 1 ya kaboni, ni ngumu zaidi, na inamfaa mtu mmoja anayejua anachofanya. Yale mawimbi mazuri yanayoonekana kwenye mabapa ya baadhi ya visu mara nyingi ni tabaka za nje tu. Kinachokata ni chuma cha katikati, na hicho ndicho cha kumuuliza muuzaji.

Visu vya kauri havishiki kutu na hutunza makali muda mrefu, ila vikianguka huvunjika, na kuvinoa kunahitaji kifaa cha almasi. Sivipendekezi kuwa kisu cha kwanza.

Kabla ya kunoa tuzungumze juu ya ubao, kwa sababu ubao mbaya hula makali kila siku. Mbao na plastiki vinafaa. Kioo, marumaru, bati na sahani za kauri havifai kabisa: vyote ni vigumu mno kwa ukingo mwembamba wa kisu, na makali hulala au kumeguka upesi. Mianzi iko katikati. Ina silika ndani yake na gundi nyingi kwenye maungio, kwa hiyo hula makali zaidi kuliko mbao za kawaida. Tandika kitambaa kibichi chini ya ubao usiteleze. Nyama mbichi iwe na ubao wake. Na ukishamaliza kukata, usikokote vipande kwa makali kuelekea sufuriani. Geuza kisu, kokota kwa mgongo. Tabia hii moja hurefusha umri wa makali kuliko mafuta yoyote ya kupaka.

Mkono usiokata ukunje ncha za vidole ndani, kidole gumba kikae nyuma, na vifundo vya kati viguse ubavu wa bapa. Kisu kinaongozwa na vifundo, na ncha za vidole haziko njiani. Kata kwa kusukuma mbele au kuvuta nyuma huku ukishuka, usigandamize chini moja kwa moja. Usikate kitu kilichoganda kwa barafu, usipasue mfupa kwa kisu chembamba, usifungue kopo, usiipindue ncha kutoa mbegu ngumu ya tunda. Makali ni imara kwa nguvu inayotoka juu. Nguvu inayotoka ubavuni ndiyo inayoyamega. Na kisu kikiponyoka mkononi, rudi nyuma, kiache kianguke. Kitanunuliwa kingine.

Kuosha hakuna mengi. Osha kwa mkono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mara baada ya kazi, futa ukielekeza kitambaa kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, kisha kausha papo hapo. Usikiache kisu ndani ya beseni la maji ya sabuni, kwa sababu atakayeingiza mkono baada yako hakioni. Mashine ya kuoshea vyombo ina sabuni kali, joto na mvuke wa muda mrefu, na visu hugongana na vyombo vingine humo ndani. Mipini ya mbao hupasuka, ribiti hulegea, makali hupata mapengo. Kisu cha kaboni kikaushwe hata katikati ya kazi, hasa baada ya kukata kitu chenye asidi. Kitabadilika rangi kiwe kijivu au bluu, na rangi hiyo ni kinga, usiisugue. Kinachosuguliwa ni kutu nyekundu, nayo huondoka kwa unga wa magadi uliolowanishwa kidogo na kizibo cha chupa cha gamba la mti. Kikikaa muda bila kutumika, kipakwe tone la mafuta ya madini yanayoruhusiwa kwa vyombo vya chakula. Mafuta ya kupikia hugeuka kuwa nata na kunuka.

Usikitupe droo pamoja na vijiko. Kitie ala, au kwenye kibao chenye matundu, au kwenye utepe wa sumaku ukutani. Kwenye sumaku, gusisha mgongo kwanza, halafu laza bapa. Ukikitoa, anza kuinua makali ukiegemea mgongo. Ukifanya kinyume, sumaku inayapiga makali kila unapokirudisha.

Sasa naomba tusimame hapa kwa muda, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kuna kunyoosha makali na kuna kunoa, na ni kazi mbili tofauti. Ile fimbo ndefu ya chuma yenye mpini, ambayo wauza nyama huning'iniza kiunoni, kazi yake kubwa ni kunyoosha makali yaliyolala. Inaondoa chuma kidogo sana. Isimamishe wima, ncha yake juu ya kitambaa kilichokunjwa kwenye ubao. Weka kisigino cha kisu juu ya fimbo kwa pembe ya digrii 15 hadi 20, shusha huku ukivuta mpaka ncha imalizikie chini. Mara 3 hadi 5 kila upande, kwa mkono mwepesi sana. Ile kasi na kelele za filamu haziongezi kitu. Fanya hivyo kila baada ya matumizi mawili matatu. Visu vya HRC 60 na zaidi visipitishwe kwenye fimbo ya chuma yenye mistari, kwa kuwa makali yake humeguka badala ya kunyooka. Vitumie fimbo laini ya kauri au kinoo chenyewe.

Itafika siku ambapo fimbo haisaidii tena. Utajuaje? Simama chini ya taa, geuza makali juu, uyatazame moja kwa moja. Makali mazima hayaonekani. Sehemu iliyo butu inang'aa, kwa sababu pale pana uso bapa unaorudisha mwanga. Ukiona mstari unaomeremeta au nukta za mwanga, toa kinoo.

Vinoo huhesabiwa kwa namba kama msasa. Namba 220 hadi 400 ni vya kurekebisha mapengo na visu vilivyoharibika. Namba 800 hadi 1000 ndivyo vya kunolea. Namba 3000 hadi 6000 ni vya kulainisha. Ukinunua kimoja tu, nunua cha 1000, na kisu chako cha chuma laini hakitahitaji zaidi ya hapo. Baadhi ya vinoo vya maji hulowekwa dakika 10 hadi 15, mpaka mapovu yaishe kutoka. Vingine hunyunyiziwa tu, na vikilowekwa hulainika au kupasuka, kwa hiyo soma maelezo ya kinoo chako. Kinoo cha mafuta kikishaanza kutumika kwa mafuta, kibaki cha mafuta. Kiweke juu ya kitambaa kibichi kisisogee.

Pembe ndiyo inayowatisha watu, nayo hupimika kwa rula. Kwa kisu chenye upana wa milimita 45, mgongo ukiinuka milimita 12 hivi juu ya kinoo umepata digrii 15. Ukiinuka milimita 15 umepata digrii 20. Kwa kisu kidogo chenye upana wa milimita 20, ni milimita 5 kwa digrii 15 na milimita 7 kwa digrii 20. Chuma cha mtindo wa Ulaya kipe 20 kila upande, au 17 kama hukati mifupa. Chuma kigumu cha Kijapani kipe 15. Visu vinavyonolewa upande mmoja tu vina utaratibu wao, usivinoe pande zote mbili.

Ukitaka uhakika wa pembe, paka wino wa kalamu nene kwenye mteremko wa makali, kisha piga mapito mawili matatu kwenye kinoo na uangalie. Wino ukiwa umebaki kwenye ukingo kabisa, umelaza kisu mno, inua mgongo kidogo. Wino ukitoka kwenye ukingo tu na kubaki juu, umekisimamisha mno, shusha. Ukitoka wote, hiyo ndiyo pembe ya kisu, na mikono iikariri.

Shika mpini kwa mkono mmoja. Vidole viwili au vitatu vya mkono wa pili vibonyeze bapa karibu na makali, pale pale panapogusa kinoo, kwa sababu panaponolewa ni pale penye vidole. Gawanya kisu sehemu tatu: kisigino, katikati, ncha. Sogeza mbele na nyuma urefu wote wa kinoo, ukibonyeza kwa mwelekeo mmoja na kulegeza kwa mwingine. Ni bonyezo kiasi gani? Weka kinoo juu ya mizani ya jikoni ujipime: kilo 1 hadi 2 mwanzoni, gramu 200 au 300 mwishoni. Ukifika nchani, inua mpini kidogo kufuata mviringo, la sivyo ncha haigusi kinoo kabisa. Tope jeusi linalojitokeza usilioshe, linasaidia kunoa. Ongeza matone ya maji tu kinoo kisikauke.

Mpaka lini? Hapa ndipo wengi huanguka, maana huhesabu mapito: kumi upande huu, kumi upande ule, basi. Kinoo hakijui hesabu. Alama ya kwamba upande mmoja umekamilika ni uzi mwembamba wa chuma unaojikunja upande wa pili. Pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kushuka nje ya makali, kamwe si kwa urefu wa makali, na utausikia ukikwaruza. Ni lazima uusikie kuanzia kisigino hadi ncha. Mahali usipousikia, kinoo bado hakijafika ukingoni, na pale kisu kitabaki butu hata ungefanya mapito mia upande wa pili. Ukishaupata kote, geuza kisu, fanya vile vile mpaka uzi uhamie upande wa kwanza.

Sasa uzi uondolewe, na hii ni nusu ya ufundi wote. Punguza bonyezo liwe uzito wa kisu tu. Piga mapito matano upande mmoja, matano wa pili. Kisha manne kwa manne, matatu, mawili, moja, makali yakitangulia mbele. Halafu vuta kisu kinyumenyume, mgongo ukitangulia, juu ya ngozi au gazeti lililokunjwa na kulazwa juu ya kinoo, mara kumi hivi kila upande. Jaribu kwa karatasi: shika kwa juu, ingiza kisigino na uvute. Kisu kikikata kisha kikakwama mahali pamoja, pale pana uzi uliobaki au pengo. Rudi pale tu. Jaribio la mwisho ni nyanya iliyoiva. Kisu kiingie bila kubonyezwa.

Matatizo mengine mtayaona baada ya muda. Kisu kilichokuwa kikali jana na leo ni butu, uzi haukuondolewa. Ulikuwa umesimama wima ukikata kwa muda, na ulipogusa ubao ukavunjika. Kisu kisichopata makali hata ukikinoa saa nzima, mara nyingi mkono unayumba, pembe inabadilika kila pito na ukingo unaviringika. Punguza mwendo, funga kiwiko karibu na mwili. Vitunguu vinavyobaki vimeshikana chini baada ya kukatwa vinaonyesha kwamba makali yana bonde karibu na kisigino kutokana na kubonyeza mahali pamoja, na sehemu hiyo haigusi ubao. Na kinoo chenyewe huchimbika katikati. Kichore mistari ya penseli uso mzima, bandika msasa namba 120 juu ya kioo bapa, ulowanishe, usugue kinoo mpaka mistari yote ifutike. Ukiona mistari ya katikati ndiyo imebaki mwisho, hilo ndilo lilikuwa shimo. Kikaushe kivulini, jua na boksi lililofungwa hukipasua au kukiotesha ukungu.

Kwa anayeanza, nashauri ajifunzie kisu cha zamani cha chuma laini, na akubali kwamba mabapa yatachubuka. Mikwaruzo haipunguzi makali.

Vile vifaa vya kuvuta kisu katikati ya magurudumu mawili madogo havinifurahishi. Vina pembe moja kwa visu vyote, na vifaa vyenye magurudumu ya chuma kigumu hung'oa chuma cha kisu badala ya kukinoa. Ukikagua kwa lenzi utaona makali yamechanika. Lakini nisiwe mkali kupita kiasi: kwa nyumba isiyo na mtu wa kushika kinoo, na kwa kisu cha bei ya chini, ni afadhali kifaa hicho kuliko kisu butu. Ukikwama bila chochote, pindua kikombe cha kauri. Ule ukingo wa chini usiopakwa rangi ya kung'aa unaweza kunolea kisu kwa dharura.

Ukimpelekea kisu mtu mwenye jiwe la umeme, simama utazame. Jiwe kavu linalozunguka kwa kasi hupandisha joto la ukingo mwembamba kwa sekunde chache. Makali yakigeuka rangi ya bluu, yamefika karibu digrii 300 za Selsiasi au zaidi, na ule ugumu ambao kiwanda kiliujenga kwa moto na kupoza umeshatoka pale. Kisu hicho kitanoleka na kitakata, ila makali hayatadumu mpaka sehemu iliyoungua iishe yote kwa kunolewa. Mnoaji mzuri hutumia jiwe la maji la mwendo wa taratibu, au huchovya kisu kwenye maji kila pito na kukipitisha kwa mikono isiyo na glavu, ili joto alisikie yeye mwenyewe kabla halijaharibu chuma.

Kisu cha meno hakihitaji kunolewa mara nyingi, kwa kuwa ncha za meno ndizo zinazogusa ubao na mabonde hubaki salama. Kikihitaji, tumia kijiti cha duara chembamba chenye unga wa almasi au kauri kinachoingia ndani ya bonde. Noa upande wenye mteremko tu, bonde moja baada ya jingine, mapito matatu manne kila moja, kisha ondoa uzi kwa kulaza upande wa pili bapa juu ya kinoo laini na kupitisha mara moja au mbili.

Anayepika kila siku nyumbani atahitaji kinoo kila baada ya miezi miwili au mitatu, kama ubao wake ni wa mbao na fimbo anaitumia. Kadiri miaka inavyopita, kila unoaji unasogeza makali juu, kwenye chuma kinene zaidi, na ile hali ya kabari niliyoitaja itarudi ingawa makali ni mazuri. Dawa yake ni kulaza kisu karibu na kinoo, digrii 5 au chini ya hapo, kwa kinoo cha namba 400, na kupunguza ubavu ulio juu ya makali pande zote mbili kwa usawa kabla ya kurudi kwenye pembe ya kawaida. Kisu kilichopungua mpaka vifundo vinagonga ubao, au kilichopata ufa, hakirekebishiki tena. Kifunge bapa kwa boksi gumu, zungushia utepe wa gundi urefu wote, andika nje kwamba ndani mna kisu, na ukipeleke kwa wanaokusanya chuma chakavu badala ya kukichanganya na taka za jikoni, ambazo kuna mtu atazibeba kwa mikono.